Banda Linalodhaniwa Kasri

Ukishuka treni katika kituo cha Chantilly, kilomita arobaini na ushei kaskazini ya Paris, ukakata kwa miguu kandokando ya uwanja wa mbio za farasi, jengo la kwanza litakalokusimamisha lina urefu wa mita 186. Ni la mawe ya chokaa yenye rangi ya mchanga mkavu, lina kuba katikati, madirisha yake ya matao yamejipanga kama askari wa gwaride, na juu ya mlango mkuu farasi wa mawe wanachomoza ukutani utadhani wamechoka kukaa ndani. Wageni wengi hutoa simu hapo hapo na kupiga picha, wakiamini wamefika kwenye kasri. Kasri liko mbele kidogo, limezungukwa na maji, na baada ya kuliona jengo hili, kasri lenyewe huonekana kama la mdogo wake mtu. Hili waliloanza nalo ni banda la farasi.

Neno "banda" hapa linapwaya. Kwetu banda ni miti na makuti, au mabati manne na komeo: la kuku, la mbuzi, la fundi baiskeli. Lakini kazi ya jengo ndiyo hiyo hiyo, kuwahifadhi wanyama wasinyeshewe, kwa hiyo nitaliita banda hadi mwisho. Swali ni kwa nini mtu mwenye akili timamu alijenga banda la aina hii.

Jibu ambalo kila mwongoza watalii analo mfukoni ni tamu. Mwenye shamba, Louis-Henri de Bourbon, mwanamfalme wa saba wa Condé, aliamini kwamba akifa atazaliwa upya akiwa farasi, basi akajiandalia makao yanayolingana na nasaba yake. Hekaya hii imesimuliwa mno, nami siichukii. Ila haielezi kitu. Anayejiandaa kuwa farasi hujenga malisho, hajengi kuba. Sababu za kweli zimo ndani ya jengo lenyewe, nazo ni tatu zilizosukwa pamoja: fedha, siasa na mapafu ya farasi.

Tuanze na fedha, maana tarehe zinajisemea. Ujenzi ulianza 1719. Mwaka huo Paris nzima ilikuwa imepagawa na hisa za kampuni ya John Law, Mskoti aliyeahidi kuifutia madeni Ufaransa kwa noti za karatasi na biashara ya Mississippi, huko Amerika. Mwaka uliofuata mpango ukaporomoka, na watu wa kawaida wakabaki na makaratasi. Louis-Henri hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa ndani ya baraza lililomzunguka mfalme mtoto Louis XV, naye alikuwa amekwisha kuvuna mamilioni kabla ya moto kuwaka. Fedha iliyokuja kwa upepo ina tabia ya kutafuta mawe ya kuishikilia. Akamwita msanifu majengo Jean Aubert.

Aubert alitokea katika kundi la wachoraji ramani wa Jules Hardouin-Mansart, msanifu wa Louis XIV, aliyejenga mabanda mawili ya farasi wa mfalme mbele ya kasri la Versailles kati ya 1679 na 1682. Yale ya Versailles ni makubwa pia, lakini yameinamisha kichwa. Yamejikunja mbele ya kasri kama watumishi wanaosubiri kuitwa, na hayathubutu kuinua paa likashindana na dirisha la mfalme. La Chantilly halimwinamii mtu. Halitazami kasri, linatazama uwanda wa nyasi na msitu. Wakati huo mwenyewe alikuwa anapanda ngazi: mwaka 1723 akawa waziri mkuu. Mwaka 1726 mfalme akamfukuza na kumwamuru akae kwake Chantilly. Kuanzia hapo kilichobaki mkononi mwake kuwavuta wakubwa waje kumwona ni uwindaji. Alikuwa na msitu wa maelfu ya hekta, alikuwa na mbwa, alikuwa na farasi. Wakubwa wa Ulaya walikuja kuwinda, na mlango waliopitia ulikuwa huu wenye farasi wa mawe. Kwa hiyo ukiliita jengo hili ukumbi wa kupokelea wageni uliojaa farasi, hujakosea sana.

Hiyo ni sura ya nje. Ingia ndani sasa, maana humo ndimo ninamoona ufundi.

Farasi hupumua kwa pua tu. Hawezi kuhema kwa mdomo kama mbwa, wala kama sisi tukipanda ngazi. Mfungie mahali penye vumbi la majani makavu na ukali wa mkojo uliooza, na kitakachoumia kwanza ni mapafu, yaani kile kile ulichomfugia. Kwa upande wa baridi ana ngozi nzito na manyoya ya msimu, hivyo baridi kavu haimsumbui kama hewa nzito yenye unyevu. Wachunga farasi wengi wa zamani waliamini kinyume chake, wakaziba kila tundu ili manyoya yabaki laini na yang'ae, na farasi wakakohoa.

Fanya hesabu kidogo. Farasi wa kilo 500 hutoa kilo 20 hivi za samadi na mkojo kwa siku. Banda la Chantilly lilikusudiwa farasi 240. Hiyo ni karibu tani tano kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, zinazotakiwa kukusanywa kwa uma na kusukumwa nje kwa mikokoteni kabla bwana hajaamka. Maji ya kunywa, ukikadiria lita 30 kwa kila mmoja, yanapita lita 7,000. Na miili 240 yenye joto la nyuzi 38 ni jiko ambalo halizimwi. Hewa yake hupanda ikiwa imebeba unyevu na harufu. Dari likiwa fupi, unyevu hugonga mbao, hugeuka matone na kuwadondokea wanyama migongoni usiku kucha. Dari likiwa refu, uchafu huo wa hewa hupata mahali pa kwenda juu ya vichwa, ukasubiri kutolewa na madirisha ya juu. Ule urefu wa kifalme wa kumbi za Chantilly, unaomfanya mtu avue kofia bila kuambiwa, ni bohari ya hewa.

Kisha kuna paa la ndani. Mabanda ya watu wa kawaida yalikuwa na dari la mbao, na juu yake majani makavu yalirundikwa ili yasukumwe moja kwa moja hadi kwenye hori. Ni rahisi, na ni hatari. Vumbi huchuja kupitia nyufa za mbao, mvuke wa mkojo hupanda na kuyaharibu majani, na taa moja ikianguka, farasi waliofungwa kwa kamba wanakuwa chini ya tanuri. Aubert alifunika kumbi zake kwa tao la mawe. Tao hilo linatenganisha sakafu ya wanyama na vyumba vya juu, vumbi halishuki na moto haupandi upesi. Mtalii husema "kama kanisa!" na hajui kwamba ametaja jambo la kweli.

Kufanana huko na kanisa kunatokana na farasi wenyewe. Zama hizo farasi hawakukaa kila mmoja katika chumba chake chenye mlango, desturi iliyoenea zaidi baadaye. Walisimama bega kwa bega katika sehemu zilizotenganishwa kwa magogo au kiambaza kifupi, kichwa kikielekea ukutani kwenye hori, mkia ukielekea katikati. Kutokana na mpangilio huo unapata ukumbi mrefu, safu mbili za wanyama kwenye kuta, na njia pana katikati isiyo na nguzo, ili mkokoteni wa samadi upite na farasi akipiga teke asimfikie mtu. Chora umbo hilo kwenye karatasi, uone kama halifanani na ukumbi wa kanisa wenye njia ya kupita maharusi. Chantilly wameweka kumbi mbili za namna hiyo, moja kila upande, na zinapokutana wameweka kuba, mahali hasa ambapo mjenzi wa kanisa angeliweka. Mgeni wa heshima aliyepitishwa katikati hakuona nyuso za farasi. Aliona makalio mia na ushei kila upande, yamepigwa brashi yakang'aa. Hayo ndiyo yaliyokuwa maonyesho, na kuta za juu yake zikapambwa kwa vichwa vya kulungu ili asisahau kazi ya farasi hao ni nini.

Hori lenyewe, neno ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa sababu ya Krismasi tu, ndilo kipimo cha jengo zima. Liweke chini mno, farasi atakanyaga chakula chake. Liweke juu mno, shingo itachoka na vumbi la majani litamwingia machoni na puani. Upana wa kisehemu hupimwa kwa mwili wa farasi: alale bila kubanwa, lakini asiweze kugeuka akatazama nyuma. Ukishapata upana huo unauzidisha kwa idadi ya farasi, na urefu wa ukumbi unajitokeza wenyewe. Nafasi kati ya dirisha na dirisha, ule mdundo unaoupiga picha kwa nje, lazima upatane na hesabu hiyo. Ndiyo maana nasema huwezi kuusoma uso wa jengo hili kama hujui farasi anasimamaje.

Kuba lina kimo cha mita 28 kwa ndani. Chini yake kuna birika kubwa la maji lenye sanamu za farasi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ya kawaida kabisa: makutano ya kumbi mbili, mahali pa kunyweshea na kuwakusanya wanyama waliotandikwa. Kazi yake ya pili ilikuwa karamu. Mwaka 1782, siku ambapo Louis-Henri alikuwa ameshakufa miaka mingi na mwanawe ndiye mwenye nyumba, mrithi wa kiti cha Urusi, Paul, alitembelea Chantilly. Inasimuliwa kwamba alikirimiwa chini ya kuba, pande zote zikiwa zimefunikwa kwa mapazia mazito, na chakula kilipokwisha mapazia yakaachiwa: mgeni akajikuta amekula katikati ya farasi. Kama ilitokea hivyo hasa au imetiwa chumvi, jengo linaikubali hadithi hiyo, na hilo la mtu kuzaliwa farasi halilikubali. Karamu katikati ya wanyama 240 inawezekana tu kama hewa imepangwa sawasawa. Mwenyeji alikuwa anajigamba kwa pua ya mgeni wake.

Nyuma ya ukumbi, sehemu ambayo watalii hupita haraka, kuna jengo jingine la siri: nyua. Upo ua wa mbwa wa kuwindia, upo ua wa magari ya kukokotwa na farasi, na upo uwanja wa mviringo usioezekwa, uliozungushiwa matao, wa kufunzia farasi. Mpangilio wake ni kama wa jiko la hoteli kubwa. Kinachonuka, kinachobweka na kinachogongwa nyundo kinakaa nyuma, na kinachopendeza kinakaa mbele.

Wakuu wa Uingereza walitatua tatizo hilo hilo kwa njia nyingine, wakapenda zaidi mraba wenye ua katikati. Huko Chatsworth, nyumbani kwa mtawala wa Devonshire, msanifu James Paine alijenga banda la namna hiyo kati ya 1758 na 1767, la farasi 80, kilimani juu ya nyumba. Mraba una faida zake: lango moja, mlinzi mmoja, kila mlango unaonekana ukisimama katikati. Juu ya lango wakaweka mnara wa saa, na saa hiyo haikuwa urembo, kwa sababu kulisha, kunywesha na kutandika vilikwenda kwa dakika, na gari la bwana likichelewa mlangoni kuna mtu alikula maneno. Mmoja tu kati ya Waingereza aliwaza kama Mfaransa: mwana wa mfalme, baadaye George IV, ambaye William Porden alimjengea huko Brighton, mjini pwani, banda la mviringo kati ya 1803 na 1808, na kuba la upana wa mita 24 juu ya farasi 44. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia likawa wodi ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa. Siku hizi ni ukumbi wa muziki. Bendi ya ABBA ya Uswidi ilishinda mashindano ya nyimbo ya Eurovision mwaka 1974 humo humo, mahali farasi walipokuwa wakitafuna shayiri.

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza kwa nini sisi, wenye kasri za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi, hatuna urithi wa mabanda ya aina hii. Neno farasi tulilipata kwa Waarabu, na mnyama mwenyewe alishushwa majahazini mara nyingi. Tatizo lilikuwa kumweka hai. Bara ilikuwa na mbung'o, na pwani ilikuwa na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Mwanzoni mwa miaka ya 1570 msafara wa Mreno Francisco Barreto ulipofika Sena, kwenye mto Zambezi, ukiwa njiani kwenda kwa Mwenemutapa, mfalme wa eneo la Zimbabwe ya leo, farasi walianza kufa. Wareno hawakujua habari za mbung'o. Waliwasingizia wafanyabiashara Waislamu wa pale kwamba wamewatilia sumu, wakawaua. Mahali ambapo farasi hufa hivyo, fundi hajifunzi kumjengea. Lamu ilimchagua punda, na punda hajawahi kudai kuba.

Kinachonishangaza zaidi Chantilly ni nani aliyebaki baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Familia ya Condé ilikimbia Julai 1789, siku tatu baada ya gereza la Bastille mjini Paris kuanguka. Kasri kubwa lao likauzwa na kubomolewa, mawe yakauzwa kama mawe. Banda halikubomolewa, na sababu ni fupi: jeshi lilikuwa na farasi. Kile kilichoonekana upuuzi wa tajiri ndicho kilichokuwa na kazi ya kesho asubuhi, na lile lililokuwa makao ya heshima halikuwa na faida kwa mtu yeyote. Kasri kubwa unaloliona leo lilijengwa upya na mrithi wa shamba, mtawala wa Aumale, katika miaka ya 1870 na 1880. Maana yake ni kwamba wageni wanaodhani banda ndilo kasri hawajapotea mbali: kati ya hayo mawili, banda ndilo la zamani zaidi, kwa karibu karne moja na nusu.

Tarehe 15 Mei 1834 zikaanza mbio za farasi kwenye ule uwanda ulio mbele ya jengo, na ukuta ambao Aubert aliuchora kwa ajili ya wawindaji ukawa mandhari ya mashindano makubwa ya Ufaransa hadi leo. Aumale alipofariki 1897 shamba lote liliangukia mikononi mwa Institut de France, taasisi ya wanazuoni wa Ufaransa, kama alivyoandika katika hati yake ya 1886. Jumba la makumbusho ya farasi hai lilifunguliwa bandani mwaka 1982 na mwalimu wa upandaji farasi, Yves Bienaimé.

Kulihifadhi jengo la mawe lililokaliwa na wanyama miaka mia tatu si sawa na kuhifadhi kanisa. Mkojo huacha chumvi ndani ya jiwe, nayo chumvi ikipata unyevu hutambaa, ikikauka hupanuka na kumenya uso wa jiwe kama ganda. Zamani huko Ufaransa watu wa serikali walikuwa na ruhusa ya kuja kukwangua kuta za mabanda na maghala ya chini ya nyumba ili wapate shura ya kutengenezea baruti. Chumvi iliyomlisha mzinga wa mfalme ndiyo ile ile inayomkosesha usingizi mhandisi wa leo.

Fedha za kumtibu mgonjwa huyu zilitoka kwa mtu ambaye Afrika Mashariki inamjua kwa mambo mengine. Aga Khan wa Nne, imamu wa Waismailia, alitumia sehemu ya utoto wake Nairobi wakati wa Vita vya Pili, akasimikwa mbele ya wafuasi wake Dar es Salaam Oktoba 1957, akaanzisha gazeti la Nation, na jina la ukoo wake limo milangoni mwa hospitali na shule zetu. Wapenzi wa mbio wanamkumbuka kwa Shergar, farasi wake aliyeshinda mbio za Derby za Uingereza mwaka 1981 kisha akaibwa Ireland mwaka 1983, asionekane tena. Makao yake yalikuwa jirani na Chantilly, na mwaka 2005 aliunda taasisi ya kuliokoa shamba hilo pamoja na uwanja wake wa mbio. Makumbusho ya farasi yakafunguliwa upya mwaka 2013 yakiwa na vyumba 15. Alifariki Februari 2025.

Ukimaliza kuzunguka, usirudi kituoni kwa njia uliyojia. Fuata ukuta wa banda hadi upande wa mji, ukipita ule uwanja wa mviringo. Hapo utakuta lango refu, Porte Saint-Denis, lililosimama peke yake kama limesahauliwa na wenzake. Hilo lilikusudiwa kuwa sehemu ya banda. Mchoro wa Aubert ulitaka jengo liendelee hadi huko na kumalizikia kwa nyumba ya pembeni, na lango hilo ndilo kipande kilichopata kujengwa. Kazi ilisimama, na Louis-Henri akafa mwaka 1740. Ukilitazama kwa karibu unaona pale ukuta ulipokatika, ukisubiri mawe mengine.